Nunueni balbu dukani, mzipime: barua ya wazi kuhusu taa zinazotumia umeme kidogo

Kwa: Waheshimiwa Waziri wa Nishati na Waziri wa Viwanda na Biashara, wakuu wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), EWURA, Tume ya Ushindani (FCC), TANESCO, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Yah: Usalama na udhibiti wa balbu za majumbani zinazotumia umeme kidogo

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Sisi ni mafundi umeme wa majumbani, na tunaandika kuomba jambo moja kubwa, na mengine madogo yanayotokana nalo. Kila robo mwaka TBS iingie madukani kama mnunuzi wa kawaida, Kariakoo, Mwanza, Mbeya, Arusha, na kwenye minada ya vijijini, inunue balbu zilizopo sokoni, izifungue, izipime, kisha itangaze hadharani majina na namba za toleo za zile zilizofeli. Cheti cha ubora kinachotolewa nchi ya nje kabla ya mzigo kupakiwa, kwa utaratibu wa PVoC uliopo tangu mwaka 2012, kina kazi yake. Lakini cheti kinasema habari za sampuli iliyowekwa mezani siku ile. Balbu inayoning'inia juu ya kitanda cha mtoto Buguruni inaweza kuwa imetoka kwenye kontena jingine, au kwenye kontena lilelile lakini ikiwa na vipuri vya bei ya chini zaidi.

Balbu ya zamani ya uzi, wati 60, haikuwa na mengi ya kuchakachua: kioo, uzi wa tangsteni, kitako. Balbu ya LED ya wati 9 inayotoa mwanga uleule imebeba mtambo mzima wa elektroniki ndani ya kitako, na mnunuzi hauoni. Hatusemi turudi kwenye uzi. Balbu ya wati 60 ikiwaka saa 5 kwa siku inakula karibu uniti 110 kwa mwaka; ya wati 9 inakula kama 16. Nyumba yenye balbu nne inaokoa zaidi ya uniti 370 kwa mwaka, na kwa anayenunua LUKU kidogo kidogo hilo ni jambo kubwa. Tunachosema ni kwamba akiba hiyo isilipiwe kwa kupigwa shoti, kwa moto, au kwa zebaki chumbani.

Tuanze na shoti, kwa kuwa ndiyo inayofichika zaidi. Kwenye balbu nyingi za LED za bei ya chini hakuna transfoma inayotenganisha umeme wa gridi na vidoti vya LED. Umeme wa volti 230 unapunguzwa na kapasita au chipu ndogo, kisha unaingia moja kwa moja kwenye vidoti. Maana yake, kila kidoti kina hatari ileile ya waya wa ukutani. Kinachomlinda mtu ni vitu viwili tu: kopo jeupe la plastiki lililofunika juu, na utando mwembamba unaotenganisha vidoti na sahani ya aluminiamu iliyo chini yake.

Kopo hilo hubandikwa kwa gundi ya silikoni. Gundi ikiwekwa haba, au joto likiikausha, kopo linadondoka. Balbu haizimiki, inaendelea kuwaka vizuri tu, na kwa sababu inawaka watu wanaiacha. Kwenye chumba chenye kitanda cha dabo deka, mtoto wa juu anaifikia kwa mkono. Upande wa pili, balbu zenye mwili wa chuma zinategemea ule utando peke yake. Ukichomwa na joto, au msumari wa skrubu ukiukwaruza kiwandani, mwili mzima wa balbu unakuwa laivu, yaani unabeba umeme, na anayeugundua ni yule anayeshika ili kuibadilisha.

Kiwango cha kimataifa cha usalama wa balbu hizi, IEC 62560, kinalijua tatizo hili. Kinataka balbu ikae saa 48 kwenye kabati lenye unyevu wa asilimia 91 hadi 95, kisha ipigwe volti 500 za DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri) kwa dakika moja kati ya sehemu zenye umeme na mwili unaoshikika, na ukinzani wa insulesheni usipungue megaohm 4. Sharti la unyevu ni la muhimu mno kwetu. Balbu inayopita kipimo ikiwa kavu inaweza kuanguka vibaya ikishavuta hewa ya Tanga, Mtwara au Dar es Salaam wakati wa masika. Kitako nacho kinakazwa kwa nguvu ya nyutoni-mita 3, iwe cha pini (B22) au cha skrubu (E27), na hakitakiwi kuzunguka wala kuchomoka. Plastiki inaguswa kwa waya uliochomwa hadi nyuzi 650 na haitakiwi kuendelea kuwaka. Enejiseva za CFL, zile za mrija uliopindwa, zina kiwango chao, IEC 60968, chenye masharti ya aina hiyohiyo.

Mkaguzi wa mkoani anaweza kufanya kipimo cha awali mezani kwake bila maabara. Achukue balbu ambayo haijaunganishwa na umeme. Afunge pini zote mbili za kitako kwa waya mmoja wa shaba; huo ndio mguu wa kwanza. Azungushie mwili wa balbu karatasi ya aluminiamu ya jikoni, akiacha nafasi ya kama milimita 5 isiguse kitako. Huo ndio mguu wa pili. Aunganishe mega (kifaa cha kupima insulesheni) ya volti 500, akandamize kwa dakika moja, asome. Chini ya megaohm 4, balbu hiyo haifai kuuzwa. Kisha alivute kopo kwa mkono na alizungushe. Kopo linalotoka kwa vidole vya mtu mzima litatoka lenyewe likishapata joto la miezi mitatu. Mega ni kifaa ambacho fundi yeyote makini anacho. Tunaomba kila ofisi ya kanda ya TBS iwe nazo, na wakaguzi wapewe mamlaka ya kuzuia toleo zima balbu tatu kati ya tano zikifeli hapo, wakati zinasubiri kipimo kamili.

Moto una njia yake nyingine, nayo inaanzia nguzoni. Umeme wa volti 230 ukishageuzwa kuwa DC ndani ya balbu unafika kilele cha volti 325. Kapasita inayoupokea kwa kawaida ni ya volti 400. Umeme wa ukutani ukipanda hadi 280, kilele kinakuwa 396: kapasita imebaki na volti 4 tu za kujiokoa. Ukizidi hapo inavimba, inatoa mvuke, inapasuka. Na kwetu umeme unazidi hapo, hasa nyutro (waya wa kurudishia umeme) inapokatika au kulegea kwenye laini. Nyutro ikipotea, nyumba zilizo kwenye fezi (nyaya zenye umeme za nguzoni) tofauti zinajikuta zimeunganishwa kwa mfuatano kati ya fezi na fezi, ambako kuna volti 400. Inayobebeshwa volti nyingi ni ile yenye mzigo mdogo: nyumba yenye balbu tatu na chaja ya simu. Jirani mwenye pasi, jokofu na jiko la umeme anaona taa zake zikififia. Mwenye balbu tatu anaona zake ziking'aa kupita kiasi, kisha anasikia harufu ya plastiki. Kila mwananchi angepaswa kuijua dalili hiyo: taa za nyumba moja zikififia huku za jirani zinang'aa ajabu, zima meni swichi mara moja, usingoje kuangalia.

Kwa TANESCO tunaomba kazi ya kawaida, lakini ifanywe kwa ratiba: viungo vya nyutro vikaguliwe na kukazwa kabla ya mvua, na pale waya wa aluminiamu unapokutana na wa shaba pawekwe kiungo maalumu cha metali mbili. Vikikutana vyenyewe, aluminiamu inaliwa na kutu na kiungo kinalegea. Kwa TBS tunaomba sharti la nchi yetu juu ya lile la kimataifa: balbu istahimili volti 280 kwa saa nzima, na ikizidishiwa hadi 400 ife bila mwali na bila kumwaga plastiki inayoyeyuka. Kutimiza hilo kunataka vipuri vitatu vidogo, yaani kapasita ya volti 450, risista ya fyuzi, na varista ya kumeza mshtuko wa umeme. Fungua balbu za bei ya kutupa uone: pale kwenye alama ya fyuzi pamewekwa kipande cha waya, na nafasi ya varista iko wazi.

Joto nalo linaua. Kapasita inapoteza kama nusu ya uhai wake kila nyuzi 10 zinapoongezeka. Balbu iliyoandikwa saa 15,000, ikifungwa ndani ya globu la kioo lisilo na tundu la hewa, au kwenye dari ya gypsum iliyozibwa, itakufa ndani ya miezi michache. Boksi haliandiki hivyo. Liandike, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka: «Usifunge ndani ya taa iliyozibwa.»

Kuna kosa letu wenyewe mafundi ambalo ni lazima tuliseme. Nyumba nyingi zimefungwa swichi ikakata nyutro badala ya laivu. Balbu ya uzi haikulionyesha kosa hilo. LED inalionyesha: swichi imezimwa, taa bado inawaka kwa ufifi usiku. Watu hudhani balbu ni mbovu, wakati holda nzima ina umeme muda wote, na anayebadilisha balbu akiamini amezima anashika laivu. Lakini ufifi pekee hauthibitishi. Waya mrefu wa swichi uliolala sambamba na wa laivu unaweza kuuleta, na hata taa ndogo iliyo ndani ya swichi. Ili kuhakikisha, swichi ikiwa imezimwa na balbu imetolewa, testa iguse kila pini ya holda: ikiwaka kwa mwanga kamili, huenda swichi inakata nyutro. EWURA, ambayo ndiyo inayotoa leseni za ufungaji, iliweke hili kwenye fomu ya ukaguzi wa nyumba mpya kama kipengele kinachojitegemea, na fundi anayefeli arudishwe kurekebisha kwa gharama yake.

Sasa jambo ambalo hatuoni likizungumzwa. Vijijini na pembezoni mwa miji kuna balbu za sola za volti 12, na zinauzwa zikiwa na kitako kilekile cha balbu za volti 230. Pini ni ileile, skrubu ni ileile, umbo ni lilelile, na tofauti iko kwenye maandishi madogo yanayofutika kwa kidole. Kijiji kinapofikiwa na umeme wa gridi, balbu za sola zinabaki ndani ya nyumba, na siku moja ile ya volti 12 inaingizwa kwenye holda ya volti 230. Inapasuka papo hapo, usoni mwa aliyeinua kichwa kuitazama. Kuzipiga marufuku si dawa, maana watu wanazihitaji. Tunaomba kitako cha balbu ya volti 12 kipakwe rangi moja ya taifa, tupendekeze njano, na maandishi «12V SOLA TU» yachongwe kwenye plastiki, yasichapwe kwa wino. Mradi wowote wa kupeleka umeme kijijini uambatane na siku ya kubadilishana: leta balbu ya sola usiyoitumia, chukua ya gridi.

Balbu za kuchaji, zinazobaki zikiwaka umeme ukikatika, zina tatizo lao. Ndani yake kuna betri ya lithiamu, mara nyingi ile ya umbo la silinda ya milimita 18 kwa 65, na baadhi ni betri zilizotolewa kwenye kompyuta mpakato zilizochakaa. Betri hiyo ikijaa inafika volti 4.2 na hapo chaji inapaswa kukatwa. Kipande kidogo cha kinga kinachokata kikiondolewa ili kupunguza gharama, betri inaendelea kulishwa. Na imewekwa wapi? Nyuma ya sahani ya LED, mahali penye joto kuliko pote katika balbu. Betri hizi hazipendi joto. Juu ya nyuzi 60 zinachakaa haraka, na zikizidishiwa chaji juu ya joto hilo zinaweza kushika moto wenye gesi kali. Taa za mkononi zinazochajiwa kwa kuchomeka ukutani zina hatari nyingine: nyingi hazina transfoma, kwa hiyo zikiwa kwenye soketi hata tundu la kuchajia simu linaweza kuwa na umeme wa gridi. Kwa kundi hili tunaomba msimamo mkali kuliko kote kwingine: betri isiyo na kipande cha kinga, au isiyo na jina la mtengenezaji na tarehe, mzigo wote urudishwe. Jeshi la Zimamoto kwa upande wake liongeze kwenye fomu ya tukio swali moja: je, balbu au taa ya kuchaji ilikuwepo pale moto ulipoanzia, na ya jina gani?

Tunafika kwenye zebaki, na hapa tutakaa kidogo.

Enejiseva za CFL, zile za mrija uliopindwa kama chemchemi, zina zebaki ndani ya mrija. Bila zebaki haziwaki. Nyingi zina miligramu 3 hadi 5. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa Japani mwaka 2013 na kuanza kutumika 16 Agosti 2017, uliweka kwanza kikomo cha miligramu 5 kwa balbu zisizozidi wati 30. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Machi 2022, kwenye kikao cha Bali, nchi wanachama zilikubaliana kuziondoa kabisa CFL zisizozidi wati 30 zenye kiendeshi (saketi ya kuwashia) ndani, na mwaka 2025 ukawekwa kuwa ukomo wa kuzitengeneza na kuzisafirisha kati ya nchi na nchi. Pendekezo hilo lilitoka Afrika, na tuna haki ya kujivunia. Kwenye kikao cha Geneva mwaka 2023 taa za fluoresenti zilizobaki, pamoja na zile za tyubu ndefu, zikapewa ukomo kati ya 2026 na 2027.

Umoja wa Ulaya nao ulifunga soko la taa za fluoresenti za kawaida mwaka 2023. Mlango mmoja ukifungwa, mzigo uliobaki maghalani unatafuta mlango ulio wazi, na bei inashuka. Enejiseva zikishuka bei ghafla madukani, tusifurahi: ni shehena inayokimbia sheria. Tunaomba Mamlaka ya Mapato (TRA) na TBS waziandike CFL kwenye orodha ya bidhaa zisizopokelewa, na wafanyabiashara wenye mzigo wa zamani wapewe tarehe moja ya mwisho wa kuuza, itakayotangazwa mapema ili asionewe mtu.

Kuzuia mpya hakuondoi zilizomo majumbani. Uganda iligawa enejiseva zipatazo 800,000 mwaka 2007, na Kenya ikagawa milioni 1.25 mwaka 2010, ili kupunguza mzigo wa jioni kwenye gridi. Nia ilikuwa njema na gridi ilipumua. Lakini balbu ya saa 6,000, ikiwaka saa 5 kwa siku, inamaliza maisha yake ndani ya miaka mitatu na kidogo. Kila balbu 800,000, zikiwa na miligramu 4 kila moja, ni kilo 3.2 za zebaki. Tunajua wachimbaji wadogo wa dhahabu wanatumia zebaki nyingi kuliko balbu zote nchini, na huko ndiko kwenye vita kubwa. Ila zebaki ya balbu inavunjikia chumba cha kulala.

Chumba cha mita 3 kwa 3, chenye urefu wa mita 3, kina mita za ujazo 27. Miligramu 4 zikisambaa zote hewani ni mikrogramu 148 kwa kila mita ya ujazo, ilhali kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa wastani wa mwaka ni mikrogramu 1. Kwa bahati njema si yote inayopanda mara moja. Sehemu kubwa inabaki kwenye unga mweupe na kwenye kioo, ikitoka kidogo kidogo kwa siku nyingi. Kwa hiyo kinachoamua madhara ni namna ya kusafisha, na hapo ndipo elimu haijafika.

Balbu ya CFL ikivunjika, watu wote watoke chumbani, watoto na wajawazito kwanza. Feni na kiyoyozi vizimwe, madirisha na mlango wa nje vifunguliwe, na chumba kiachwe dakika 15. Fagio lisiguse: njiti za chelewa zinabeba unga na kuupeleka sebuleni, jikoni, kila linakopita. Mashine ya kuvuta vumbi ni mbaya zaidi, inaupuliza hewani. Vaa glavu, kusanya vipande kwa makaratasi mawili magumu, moja likisukuma na jingine likipokea. Unga uliobaki uubandue kwa selotepu, kisha pangusa sakafu kwa karatasi yenye maji. Vipande, selotepu, karatasi na glavu viingie pamoja kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza. Kama haipo, mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, ifungwe. Shuka au mto uliomwagikiwa unga usifuliwe. Nao utupwe kwa njia hiyohiyo. Nawa mikono, acha dirisha wazi kwa saa kadhaa. Tunaomba Wizara ya Afya iyaweke maelezo haya kwenye karatasi moja yenye picha, ibandikwe kila zahanati na shuleni.

Na chupa hiyo ipelekwe wapi? Hapo ndipo jibu halipo. Leo inakwenda kwenye shimo la taka uani na kuchomwa, au inapakiwa kwenye mkokoteni hadi dampo, na kwa Dar es Salaam inaishia Pugu Kinyamwezi, ambako watu wanachambua taka kwa mikono. Kuchoma ndiko kubaya kuliko kote, kwani moto unaitoa zebaki yote kwa mara moja, puani mwa anayechochea. NEMC tayari ina kanuni za taka za umeme na elektroniki. Tunaomba zipewe miguu. Kila duka la jumla la vifaa vya umeme na kila ofisi ya TANESCO ya wilaya iwe na pipa lenye kifuniko, lililowekwa mfuko mzito ndani, liandikwe «BALBU ZENYE ZEBAKI, USIVUNJE». Balbu nzima ziingie kwenye maboksi yake, zilizovunjika kwenye chupa. Likijaa lichukuliwe na msafirishaji mwenye kibali hadi kituo cha kanda chenye mashine ya kusaga ndani ya chumba kilichofungwa, chenye kichujio cha mkaa maalumu wa kunasa mvuke. Gharama ibebwe na waingizaji kwa tozo ndogo kwa kila taa ya fluoresenti waliyoleta au watakayoleta kabla ya ukomo. Mapipa bila kituo cha mwisho yasiwekwe, kwa sababu watu wakiona mara moja kwamba pipa limemwagwa dampo, hawatalirudia tena.

Taa za tyubu tunazitaja kwa ufupi, maana ziko zaidi shuleni na hospitalini, ingawa sebule nyingi zinazo. Watu wanatoa tyubu ya zamani na kuingiza ya LED kwenye fremu ileile yenye choki na stata, vifaa vya kuwashia tyubu ya zamani. Tyubu ya LED inayolishwa ncha zote mbili ina hatari: ukiingiza ncha moja kwanza, pini za ncha ya pili zinaweza kuwa laivu mkononi mwako. Zinazolishwa ncha moja ni salama zaidi, lakini stata lazima itolewe na waya zibadilishwe kama karatasi ya kiwandani inavyoelekeza. Tyubu isiyo na mchoro wa waya ndani ya boksi isiuzwe. Kazi yenyewe ifanywe meni swichi ikiwa imezimwa, si swichi ya ukutani.

Kuhusu mwanga wenyewe, wizi ni wa wazi. Boksi linasema «5W = 60W». Balbu ya uzi ya wati 60 ilitoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) kama 800. LED ya wati 5, hata ikiwa nzuri ya lumeni 90 kwa wati, inatoa 450. Nyingine zimeandikwa wati 12 na mita ya wati inasoma 7. Afrika Kusini ilitangaza mwaka 2023 kuwa balbu isiyofikisha lumeni 90 kwa kila wati haitauzwa, na baadaye kiwango kitapanda hadi 105. Tuchukue hatua ileile, na boksi lilazimishwe kutaja lumeni kwa tarakimu kubwa kuliko wati. Liandikwe pia jina na anwani ya mwingizaji na namba ya toleo. Mali bila daftari huisha bila habari: bila namba ya toleo hamwezi kuirudisha balbu hata moja kutoka sokoni. Kenya wana stika ya KEBS, shirika lao la viwango, ambayo mnunuzi anaihakiki kwa ujumbe wa simu. Nembo yetu ikipata njia kama hiyo, FCC itapunguziwa kazi ya kuwakimbiza wanaochapisha nembo za uongo vichochoroni.

Balbu zinazopepesa nazo zipimwe. Jicho halioni kupepesa kwa mara 100 kwa sekunde, ila ukielekeza kamera ya simu kwenye taa unaona mistari myeusi inatembea. Inaleta maumivu ya kichwa kwa anayesoma muda mrefu, na kwenye karakana ya useremala inaweza kumfanya mtu aone msumeno wa duara umesimama ilhali unazunguka.

Tunajua wakaguzi ni wachache na fedha ni za kubanwa. Ununuzi wa balbu 200 za aina 40, tano kwa kila aina, hauhitaji bajeti ya wizara. Mega, mita ya wati na kipimo cha lumeni zikiwepo, mafundi wawili wanamaliza kipimo cha awali ndani ya wiki mbili. Tuko tayari kutoa mafundi hao bila malipo kwa duru ya kwanza, chini ya usimamizi wa TBS. Tunaomba duru hiyo ifanyike kabla ya masika yajayo, na orodha ya zilizofaulu na zilizofeli, kwa jina, wati na namba ya toleo, ibandikwe kwenye kila ofisi ya kata na kusomwa redioni.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mafundi umeme wa majumbani,
Dar es Salaam